Hina ya Nywele: Kilichomo Ndani ya Jani na Namna ya Kuitia

Jani la mhina halina weusi. Lina rangi moja tu, nyekundu iliyoelekea chungwa, nayo hupanda kwa saa na siku, si kwa dakika. Naanza na hili kwa sababu msimu wa harusi ukifika, Unguja na Pemba, utaambiwa ipo "hina nyeusi" inayoshika kwa nusu saa. Wengi wanaovimba macho na kutoka malengelenge pajini huamini kwamba hina ndiyo iliyowadhuru. Siyo. Majani yanalaumiwa kwa kosa la unga mwingine kabisa, na huo nitauzungumza kwa kirefu mbele.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kutia nywele au ndevu zake rangi ya mimea, akajua kila kitu anachokitia bakulini kinafanya kazi gani.

Kwanza ujue kilichomo

Mhina kwa jina la kitaalamu ni *Lawsonia inermis*. Majani yake yakikaushwa na kusagwa, sehemu kubwa ya unga ni nyuzi za mmea, sukari, utelezi na tanini (kile kitu kikali kinachokausha ulimi kwenye chai kavu), pamoja na madini ambayo mti umeyanyonya ardhini: kalsiamu, potasiamu, magnesiamu na chuma kidogo. Rangi yenyewe inaitwa lawsoni, nayo ni kidogo sana: katika gramu 100 za unga mzuri utapata kama gramu 1, ikipungua au kuzidi kwa kutegemea mti, ardhi na umri wa jani. Unga wote uliobaki ni mchukuzi tu.

Lawsoni ni molekuli ndogo, yenye atomi 10 za kaboni, 6 za haidrojeni na 3 za oksijeni. Ila katika jani bichi haikai hivyo. Imefungwa na sukari, haina rangi, na ndiyo maana unaweza kushika jani zima bila kidole kubadilika. Ukilitwanga na kulilowesha, ule mfungo wa sukari hukatika, na kile kinachobaki kikikutana na hewa hugeuka kuwa lawsoni. Asidi hafifu husaidia mfungo huo ukatike taratibu na vizuri, na hiyo ndiyo kazi ya ndimu tuliyorithi kwa bibi zetu.

Unywele nao ni keratini, protini yenye salfa nyingi. Lawsoni inapoingia katika tabaka za juu za unywele hujishika moja kwa moja na protini hiyo, bila dawa ya kuifungulia njia. Ndiyo sababu hina haitoki kwa sabuni. Jambo jingine ambalo wateja wengi hawaambiwi: hina haichubui rangi ya asili, inaongeza juu yake. Mvi zitakuwa chungwa kisha nyekundu. Nywele nyeusi zitabaki nyeusi na kutoa wekundu zikipigwa na jua.

Unga

Kama una mhina uani, chuma majani machanga asubuhi umande ukishakauka. Yaanike kivulini juu ya mkeka, mahali penye upepo. Usiyaanike juani ukitaka yakauke upesi, kwani jua kali linaila ile rangi unayoitafuta. Yakifika pa kuvunjika mkononi, toa vijiti vyote, twanga kinuni, kisha chekecha kwa kitambaa cha melimeli. Kwenye kuchekecha usifanye pupa. Vipande vya vijiti na mishipa ya majani ndivyo vinavyong'ang'ania nywele siku ya kuosha, ukalazimika kuzichana kwa nguvu.

Unga wa dukani upime kabla ya kuuamini. Rangi yake iwe kijani kilichofifia. Ukiwa kahawia umekaa sana, na ukiwa kijani kinachong'aa mno huenda umetiwa rangi ili upendeze. Tia kijiko kimoja katika bilauri ya maji, koroga, acha kidogo: mchanga hutua chini haraka na kukwaruza ukiusugua kwa kidole. Mwisho, changanya unga kidogo na maji, weka tone juu ya karatasi nyeupe, uliache. Hina halisi itaacha duara la chungwa baada ya muda. Ikiacha weusi, usiitie kichwani mwako wala mwa mtu mwingine.

Gramu 100 zinatosha nywele fupi au ndevu na zaidi. Nywele za kufika mabegani zinataka gramu 200 hivi, na nywele ndefu au nzito hata 300.

Maji, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo ni kalsiamu kaboneti, yale yale tuliyoyachoma kupata chokaa ya kujengea nyumba za Mji Mkongwe. Mvua inapopenya ndani yake huyayusha kidogo kidogo, na kisima kikatoa maji yaliyobeba kalsiamu na bikaboneti. Utayatambua kwa mambo mawili: sabuni haitoi povu kwa urahisi, na birika huota ukoko mweupe ndani. Karibu na pwani huongezeka chumvi ya bahari. Pemba, yenye vilima na udongo mwingi, maji hutofautiana kisima kwa kisima, kwa hiyo huko pia pima kwa sabuni badala ya kukisia.

Sasa tazama kinachotokea bakulini. Bikaboneti inaimaliza nguvu asidi. Ndimu uliyoikamua kwa ajili ya hina inakwenda kupambana na maji ya kisima, na hina inabaki na asidi ndogo au haina kabisa. Tena kalsiamu hutanda juu ya unywele, na rangi ikashika mahali hapa ikaacha pale. Mtu husema hina ya siku hizi haina nguvu, kumbe ni maji.

Ukiweza, kinga maji ya mvua wakati wa masika au vuli na uyaweke katika chombo safi. Kama hakuna, chemsha ya kisima, yaache yapoe kabisa, kisha uyamimine polepole huku ukiacha ule ukoko uliotua chini. Kuchemsha huangusha sehemu ya chokaa. Maji ya chupa nayo yanafaa. Siku moja kabla ya kutia hina, suuza nywele kwa maji yenye siki kidogo, kama vijiko viwili vya siki katika lita moja, ili kupunguza kalsiamu iliyokwisha kutanda.

Chombo kiwe cha udongo, kigae, bilauri au plastiki, na mwiko uwe wa mti. Usitumie sufuria iliyoota kutu. Chuma kikikutana na tanini hufanya weusi wa kijivu, na mchanganyiko wa aina hiyo ndio uliotumika kwa karne nyingi kutengenezea wino. Bara Hindi wako wanaoloweka hina katika karai la chuma makusudi ili ipige giza, na giza hupatikana kweli. Lakini chuma hicho hubaki kwenye unywele, na siku ukienda saluni kutiwa dawa yenye haidrojeni peroksaidi, chuma huichochea dawa ikafanya kazi kwa ukali na kuukata unywele.

Kuchanganya

Kwa gramu 100 za unga, andaa mililita 300 hivi za maji. Kamua ndimu upate robo ya kiasi hicho, robo tatu zilizobaki ziwe maji ya mvua yenye uvuguvugu. Wapo wanaochanganya kwa ndimu tupu. Siwashauri. Maji ya ndimu yana asidi kali ya sitriki, ambayo hukausha nywele na kuwasha ngozi ya kichwa, wala rangi haizidi kwa hilo. Tena ndimu ina kemikali ambazo ngozi ikiwa nazo kisha ikapigwa na jua, huungua na kubaki na madoa meusi kwa wiki kadhaa. Desturi ya kukaa barazani juani ili hina "ishike" iache kama umetia ndimu. Kaa kivulini, joto la visiwa vyetu linatosha.

Chai kavu iliyochemshwa na kuchujwa inaweza kuchukua nafasi ya maji. Ina asidi hafifu na tanini, nayo hutuliza wekundu kidogo. Kahawa huongeza harufu zaidi kuliko rangi. Manjano hupendeza siku ya kwanza kisha hupauka kwa jua.

Karafuu inataka maneno yake, kwa sababu iko karibu nasi na watu huitumia kwa mazoea. Mafuta yake sehemu kubwa ni yujeno, kitu chenye nguvu kinachofanya kinywa kife ganzi unapotafuna karafuu kwa ajili ya jino. Mkononi, mwenye kuchora hina hutia matone machache ya mafuta hayo ili rangi ikolee. Kichwani ni jambo jingine: eneo ni kubwa, ngozi ni laini, na hina inakaa kwa saa nyingi. Mafuta ya karafuu yatakuwasha na yanaweza kukuachia mzio. Ukitaka harufu yake, chemsha karafuu chache katika yale maji ya kuchanganyia, uzichuje. Mimi hutia asumini au kijiko cha marashi mawaridi mwishoni, na sioni kilichopungua.

Mimina maji kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka ipate uzito wa mtindi. Funika bakuli, liache mahali pa kivuli. Penye nyuzi 28 hadi 32 za joto, kama kwetu miezi mingi, saa nne hadi sita zinatosha. Usiku wa kipupwe acha mpaka asubuhi. Ikiwa tayari, uso wa juu utakuwa umegeuka kahawia na ndani bado kijani. Usichanganye kwa maji yanayochemka ili kuharakisha, maana yanaivunja rangi mapema nayo haishiki sawasawa.

Jaribu kwanza

Hili lifanye saa 48 kabla ya kutia kichwa kizima. Paka hina kidogo upande wa ndani wa kiwiko, iache saa moja, osha, utazame ngozi kwa siku mbili. Papo hapo chukua nywele zilizobaki kwenye kitana, zifunge uzi, zipake hina kwa muda ule ule utakaoutumia kichwani. Shungi hilo ndilo litakalokuonesha rangi yako, si picha ya juu ya pakiti. Lisubiri siku mbili kabla ya kuhukumu, kwa sababu lawsoni huendelea kukutana na oksijeni na kuongeza kina.

Kupaka na kuosha

Osha nywele kwa shampuu, usitie mafuta ya nazi wala kilainishi, kwani mafuta huziba njia ya rangi. Ziwe na unyevu tu, zisiwe zinachuruzika. Paka mafuta ya mgando kwenye paji, masikio na shingo ili ngozi isishike rangi, vaa glovu, jifunge kanga kuukuu.

Gawa nywele mafungu manne kwa kitana. Anzia kisogoni, penye nywele nyingi na joto dogo, ukimalizia pajini na kwenye mapanja. Kila msitari uupake hadi kwenye mizizi, hina iwe nene. Ikipakwa nyembamba hukauka, na hina kavu haitoi rangi. Mvi za kwenye mapanja ni ngumu na hushika kwa taabu, kwa hiyo zirudie mara ya pili. Kisha funika kwa kofia ya nailoni ya kuogea, au jani la mgomba lililolainishwa motoni na kupoa, na juu yake kitambaa.

Saa tatu au nne zinatosha. Kuosha kuna ufundi wake: chovya kichwa kwenye ndoo ya maji, vidole vikipita polepole, mpaka unga mwingi uanguke wenyewe, ndipo umwagie maji safi. Usitumie shampuu siku mbili za mwanzo. Mvi zikitoka na chungwa kali usishtuke wala usipake dawa nyingine juu yake. Siku ya tatu rangi itakuwa imekolea na kutulia.

Anayetaka giza: nili

Mmea wa nili, *Indigofera tinctoria*, una kemia tofauti kabisa na ya hina. Majani yake yana indikani, nayo pia imefungwa na sukari. Yakiloweshwa, vimeng'enya vya jani lenyewe, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko, huikata ikawa indoksili, na indoksili ikipata hewa hugeuka kwa haraka kuwa rangi ya buluu. Buluu juu ya chungwa la hina hutoa kahawia au nyeusi. Unga wa majani ya nili ni kijani na una harufu ya kunde mbichi; usinunue buluu ya kufulia nguo kwa jina la nili, maana hiyo ni madini ya kusagwa na haishiki kwenye unywele.

Hapa usitie ndimu wala siki. Changanya na maji ya uvuguvugu na chumvi chembe tu, subiri dakika 15 au 20, uanze kupaka mara moja. Baada ya nusu saa nguvu yake inapungua. Maji ya kisima yaliyoiharibu hina hayana neno katika hatua hii.

Kwa weusi, tia hina kwanza saa tatu, osha bila shampuu, kisha nili saa moja hadi mbili. Kwa kahawia, changanya kila unga katika bakuli lake, na dakika ile ya kupaka uviunganishe, mafungu mawili ya hina kwa moja la nili. Wazee wanaotia ndevu kwa kufuata sunna na hawataki weusi mtupu huridhika na kahawia hiyo. Ukiona ukijani siku ya kwanza, utaondoka wenyewe hewani.

Piko na rangi za madini

Ile "hina nyeusi" niliyoitaja mwanzo ndiyo piko. Piko inayouzwa ikiwa unga mweusi au majimaji ya kuchanganya si jani. Kinachoipa weusi ni kemikali ya kiwandani iitwayo parafenilini-daiamini, ambayo kwenye pakiti utaiona kwa herufi PPD. Molekuli zake ni ndogo, hupenya ndani ya unywele, kisha zikichomwa na oksijeni huungana zikawa kubwa na nyeusi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya rangi ya nywele inaruhusiwa kuwa nayo hadi asilimia 2 tu ikiwa kichwani, na kuipaka kwenye ngozi hakuruhusiwi kabisa. Kwetu bi harusi huchorwa piko mikononi na miguuni, bila kipimo, juu ya ngozi tupu. Linaniuma hili, kwa sababu mzio wa PPD ukishaingia mwilini hautoki. Msichana aliyechorwa akapata vipele leo, miaka ishirini baadaye akitia rangi ya nywele ya dukani anaweza kuvimba uso mzima.

Kipimo chepesi ni muda. Kitu kinachotoa weusi kwa chini ya saa moja si hina. Muulize muuzaji, na kama pakiti haina orodha ya vilivyomo, irudishe. Ukishaipaka na ukaona mwasho mkali, kope kuvimba au malengelenge, osha kwa maji mengi na nenda hospitali na pakiti mkononi. Ukivimba shingo au kushindwa kupumua usisubiri kukuche. Na piko ifungiwe mbali na watoto, kwani kuimeza huua.

Rangi za madini nazo ni za kale. Wagiriki na Warumi walichanganya oksaidi ya risasi na chokaa wakapaka nywele. Risasi ilikutana na salfa ya keratini ikafanya salfidi nyeusi ndani ya unywele. Mwaka 2006 watafiti nchini Ufaransa waliirudia njia hiyo na kukuta chembe zake zina ukubwa wa nanomita 5 hivi. Ni kemia ya kustaajabisha, lakini risasi ni sumu ya ubongo na damu, na mwaka 2018 Marekani iliamua kuiondoa asetati ya risasi katika rangi za nywele. Kwa hiyo usichanganye hina na wanja wa kusaga usiojua asili yake, maana baadhi ya wanja ni salfidi hiyo hiyo ya risasi.

Watoto

Usimpake mtoto mchanga hina, hata ile safi ya uani. Lawsoni hupita kwenye ngozi, na mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana katika nchi zenye malaria, chembe zake nyekundu za damu huvunjika. Huwa manjano macho, mkojo hupiga weusi. Mkubwa mwenye tatizo hilo pia aiache.

Kutunza iliyobaki

Hina iliyokwisha kuchanganywa inakaa katika friza kwa miezi, ikifungwa vizuri. Itoe, iache iyeyuke yenyewe, uitumie siku hiyo hiyo. Nili iliyoloweshwa haitunziki, mwaga. Unga mkavu weka katika chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na mwanga na unyevunyevu wa pwani. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki nne hadi sita paka mizizi tu. Ncha zilizokwisha shika rangi, ukizirudia kila mara, huzidi giza na kutofautiana na nywele zilizobaki.